Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Assalaam aleikum wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Chumba cha magazeti kilifunguliwa kila siku isipokuwa sikukuu. Futari ya pamoja ilifana. Darasa la kusoma bajeti ya kaunti lilifanyika mara mbili, paa la upande wa choo limezibwa, na daftari la wageni limejaa, tumenunua jipya.

Fedha mweka hazina atazisoma kwa kirefu. Kwa jumla ziliingia shilingi 161,400, zikatoka 158,950. Wanachama tuko 84: waliomaliza ada ni 31, waliolipa nusu 22, na 31 hawajaleta hata senti. Zaidi ya theluthi ya mapato, shilingi 60,600, imetoka kwenye kukodisha ukumbi kwa harusi. Bila ya harusi za watu, ndugu zangu, magazeti mngeyasoma kwa jirani.

Sasa nije kwenye jambo lililotugawa, nalo ni ile kanuni ya Julai ya kutazama vituo vya habari kwa zamu hapa ukumbini. Nimesemwa mengi vibarazani na nimenyamaza miezi mitano. Leo nitasema.

Mnakumbuka tarehe 25 Juni. Vijana waliandamana kuadhimisha mwaka mmoja tangu maandamano ya 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikaagiza vituo vya runinga na redio visitishe kuyatangaza maandamano moja kwa moja. Baadhi ya vituo vilizimwa mitambo. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo siku hiyohiyo, lakini kwa saa kadhaa sisi hapa ukumbini tulikaa tukitazama kioo cheusi. Wenye umri wangu walikumbuka 30 Januari 2018, vituo vitatu vikubwa vilipozimwa siku ya kiapo cha Raila Odinga, kiongozi wa upinzani, pale Uhuru Park, Nairobi, na wakakumbuka Machi 2006, gazeti la Standard lilipovamiwa usiku na nakala zake zikachomwa moto kwenye mtambo wa kuchapishia. Siku ile tulikuwa kitu kimoja. Hakuna aliyeuliza mwenzake ni wa chama gani.

Matangazo yakarudi, na ugomvi ukarudi nao. Jioni ya pili yake, wazee wawili ambao wamekalia benchi moja la mlangoni kwa zaidi ya miaka ishirini, wakishindana bao na kugawana kahawa, walifikia kushikana mashati. Mmoja alishinda na kituo kilichoonyesha maduka yaliyoporwa, milango ya vyuma imepindwa, mwenye duka analia. Mwingine alishinda na kituo kilichoonyesha majeruhi wakibebwa na mama akitafuta mwanawe hospitali. Maduka yaliporwa kweli, na watu walikufa kweli. Kila mzee alikuwa na ukweli mkononi, na kila mmoja akamwita mwenzake mwongo. Mimi ndiye niliyewaamua, na kanzu yangu ilichanika kwapani.

Usiku ule sikulala. Niliikumbuka Agosti 2022, kura za urais zilipokuwa zikihesabiwa, tulipokesha humu na runinga mbili, moja ya kuazima. Saa ileile, kituo hiki kinampa Ruto uongozi na kile kinampa Raila, na vyote vinachota fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo cha kupigia kura, kutoka tovuti moja ya tume ya uchaguzi. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229, na kila chumba cha habari kilijumlisha kwa mpangilio wake: huyu kaanza na ngome hii, yule kaanza na ile. Fomu zilikuwa halali na hesabu zilikuwa za kweli, lakini mtu aliyetazama kituo kimoja alilala akiamini ameshashinda, na matokeo yalipotangazwa akaamini ameibiwa. Upendeleo wa vyombo vya habari mara nyingi uko hapo, kwenye kipi kimetangulizwa na kipi kimeachwa. Uongo wa wazi ni rahisi kuukamata. Huu wa kuchagua unapita mlangoni umevaa kanzu safi.

Sisi wa zamani tulilelewa na sauti moja. Taarifa ya habari ilianza na Mtukufu Rais hata kama mvua imebomoa nusu ya mji, na chama tawala kilikuwa na gazeti lake tangu 1983. Tukadhani zikija redio nyingi tutakuwa huru. Zilikuja, na zimeleta mema mengi, siwezi kukataa. Lakini baadhi ya vituo vikubwa vina hisa za familia za waliokuwa marais, na Machi 2024 serikali iliagiza idara zake zipeleke matangazo yao ya kulipia KBC peke yake, shirika la utangazaji la serikali, maana inajua chombo kinachotegemea matangazo yake kikikosa hayo kitalegea. Na baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 hatuhitaji kufundishwa redio ya kabila inaweza kufanya nini mdomoni mwa mtu mwenye hasira.

Kwa hiyo niliweka kanuni. Taarifa ya saa moja usiku tunaitazama kwa zamu, juma hili kituo hiki, juma lijalo kile. Rimoti inakaa kwa katibu; mwanzo ilikuwa ya aliyewahi, akaikalia chini ya kikoi mpaka saa tatu. Na kwenye mjadala wa Jumamosi, anayetaka kusema aeleze kwanza hoja ya upande wa pili, mpaka mwenye upande huo akubali kwamba ndiyo hoja yake.

Kwa hili wanachama 11 wamejitoa. Nimeandikiwa barua, ninayo hapa, inasema nimewafanyia yaleyale yaliyofanywa na Mamlaka tarehe 25 Juni, kwamba nimewanyang'anya uhuru wa kuchagua cha kutazama.

Barua hii imeniuma kuliko matusi yote. Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba 2018 kukusanya saini za kulalamikia kuzimwa kwa vituo. Aliyezima mitambo alitaka msione. Mimi nimeongeza cha kuona. Simu zenu ni zenu, majumbani kwenu tazameni mnachotaka usiku kucha, hakuna wa kuwauliza. Ukumbi ni wa watu 84, na mwenye kukalia rimoti ndiye aliyewanyima 83 uhuru wao. Katiba yetu ya nchi, kifungu cha 34, inavitaka vyombo vya habari vya dola visipendelee, na vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Kama tunaidai KBC hilo, tutakataaje kulidai kwetu sisi wenyewe?

Wanaosema sikupitisha kanuni kwenye kamati, kumbukumbu zipo. Niliita kikao mara mbili mwezi Julai. Kamati ina watu tisa. Mara ya kwanza walikuja watatu, mara ya pili wawili na mmoja akaondoka kabla ya chai. Kanuni ya 7 ya chama inanipa ruhusa kuamua akidi isipotimia. Mjadala wa Jumamosi nao, tangu Septemba, haujapita watu 15. Mnalalamikia vibarazani uamuzi mliokataa kuja kuufanya. Naomba mnisamehe kwa ukali huu, lakini kazi ya kufungua mlango saa kumi na mbili, kufagia na kupanga viti nimeifanya kwa mikono yangu siku nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mjadala wenyewe umebadilika, waliokuja ni mashahidi. Novemba tulizungumza ushuru wa kaunti saa mbili nzima bila mtu kutajwa kabila lake. Kijana mmoja aliyeshindwa mara tatu kueleza hoja ya wapinzani wake alirudi Jumamosi ya nne na gazeti ambalo hajawahi kulisoma, amelipigia mistari.

Kwa mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatumaini kupata runinga ya pili kabla ya uchaguzi wa 2027, na pengine kumwalika mwanahabari atueleze habari inavyochaguliwa. Wadaiwa wa ada wamwone mweka hazina, hata kwa mafungu.

Kanuni ya Julai naileta mbele yenu ipigiwe kura. Akidi ni watu 28. Wale 11 pia nimewapelekea mwaliko kwa mkono wangu, na wakitaka kurejea majina yao hayajafutwa. Rimoti itakuwa juu ya meza, mbele ya katibu, mpaka kura zihesabiwe.

Mwenyekiti