Tembo wa rangi ya mafuta hakauki kwa wiki mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzetu wa ofisi zinazojengwa na kuhamia hapa Dodoma, hasa wale wanaoandika mikataba ya picha za ukutani. Mimi ni mchoraji. Nachora wanyama kwa rangi za mafuta, na nawachora wakubwa: fahali wa Kigogo ninayemshughulikia sasa ana mita 3 kutoka puani hadi mkiani. Ombi langu ni moja. Mnapotuagiza kazi ya namna hii, tupeni muda wa rangi kukauka.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta, unapewa kopo la rangi ya geti. Leo unapaka, kesho mtoto anaegemea. Wachoraji wa Tingatinga wanatumia rangi za jamii hiyo tangu marehemu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kule Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, na rangi za kupakia baiskeli. Kazi yao naipenda na naiheshimu. Lakini rangi yangu ni nyingine kabisa. Ni unga wa rangi uliosagwa na mafuta ya mbegu za kitani, na mafuta hayo hayakauki kama nguo kwenye kamba. Yanavuta oksijeni ya hewani pole pole mpaka yanaganda yenyewe. Tabaka jembamba la kahawia hugusika baada ya siku chache. Tabaka nene la nyeusi huchukua wiki nyingi, na ndani yake hubaki bichi kwa miezi. Chini unaanza na rangi nyembamba iliyolegezwa kwa tapentaini, juu unaongeza yenye mafuta zaidi. Ukiharakisha au ukigeuza mpangilio huo, picha itapasuka.

Sasa nieleze yaliyonipata. Mwezi Mei mwaka jana ofisi moja ya hapa mjini iliniagiza tembo dume wa kutazamana na mlango wake mkuu, upana mita 3, kimo mita 2 na nusu. Nilifurahi mno, kwani mji huu una tembo ndani ya jina lake. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba tembo alishuka kunywa maji, matope yakamshika, watu wakasema “idodomya”, amedidimia. Nilitaka kumchora tembo yule akiwa ametoka kwenye tope, amesimama.

Tulikubaliana miezi minne, kwa mdomo tu. Katikati ya Juni nikapigiwa simu: mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, picha ipokelewe kabla ya hapo. Nilieleza habari ya kukauka. Nikajibiwa kwamba fundi wa geti lao alimaliza kwa siku mbili. Ikaja kirikuu, tembo akafungwa kwa nailoni, akapitishwa juani. Walipoifungua, nailoni iliondoka na sikio la kushoto na nusu ya paji la uso. Picha ikakataliwa kwamba ni mbovu, malipo yaliyobaki sikupewa, na ukutani ikawekwa picha ya kamera iliyochapishwa kwenye plastiki. Siku ile sikula.

Nisingeandika kama hasara ingekuwa ya fedha peke yake. Ubichi ule unaowakera ndio unaonipa uwezo wa kumchora mnyama akawa mzito. Kwa kuwa rangi haijashika, kesho yake naweza kuurudia mkunjo wa ngozi, nikaingiza mwanga polepole kwenye nundu, nikalainisha pale misuli ya shingo inapoingia begani. Nakwenda mnada wa Msalato na karatasi na mkaa, nachora mafahali waliofungwa, ninawagusa kwa ruhusa ya wenyewe nijue mfupa uko wapi. George Stubbs wa Uingereza alipasua mizoga ya farasi kwa miezi mingi ili ajifunze hayo, na mwaka 1762 hivi alimchora farasi Whistlejacket kwenye kanvasi ya kimo cha karibu mita 3, hakuna mti, hakuna mbingu, ni farasi na rangi tupu nyuma yake. Mnyama wa kimo hicho humtazami kama pambo. Yeye ndiye anayekutazama.

Na sisi tusijione wageni katika jambo hili. Pale Kolo, wilayani Kondoa, kwenye miamba iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, kuna pofu, twiga na tembo waliochorwa kwa rangi nyekundu muda mrefu kabla ya barabara ya Arusha. Wekundu ule unatokana na chuma kilichomo ardhini. Kanvasi zangu zote naanza kwa wekundu wa aina hiyo hiyo.

Kwa hiyo agizeni Julai, mwaka wa fedha ukiwa mchanga, si Mei. Lipeni kwa awamu: michoro ya mkaa kwanza, kisha kazi ikifika nusu, kisha mwisho. Njooni mkague chumbani kwa mchoraji, kwa sababu kiangazi chetu kina upepo na vumbi, na punje moja ikinasa kwenye jicho bichi siku nzima imepotea. Andikeni pia katika mkataba kwamba mchoraji atarudi baada ya miezi 6 au zaidi kupaka vanishi.

Tembo nimemrudisha nyumbani. Sikio nimelikwangua mpaka kwenye ule wekundu wa chini na nimeanza kulijenga upya, paji la uso linasubiri. Kwa sasa hana mnunuzi. Afisa yeyote anayetaka kujua rangi hii inakaukaje anakaribishwa aje amwone, asubuhi, kabla upepo haujaanza.

Mchoraji wa wanyama,
Nkuhungu, Dodoma