Bajeti za kaunti zisitolewe kwa PDF pekee

Kwa Mhariri,

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inazitaka kaunti zizingatie maoni ya wananchi zinapoandaa Taarifa ya Mikakati ya Fedha, ambayo hupaswa kuwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Februari 28. Kwa sababu hiyo, baadhi yetu huku Ahero huombwa na majirani tuwafafanulie hati hiyo ukumbini kwa projekta. Hati yenyewe hutufikia ikiwa PDF tu, na taabu huanzia hapo.

Mwaka uliopita niliipitisha hati nzima katika programu ya kugeuza PDF kuwa slaidi, nikaridhika kuona kurasa zimetoka na rangi na vichwa vyake. Tulipofika kwenye jedwali la zahanati, mama mmoja aliyeshika nakala ya karatasi alisimama akasema kwamba kiasi kilichoonyeshwa ukutani kuwa cha mwaka huu kilikuwa cha mwaka uliotangulia. Alisema kweli. Palipokuwa na kisanduku kitupu, tarakimu zilizofuata zilikuwa zimesogea kushoto kwa safu moja, na muda uliobaki ukaishia katika mabishano kuhusu nani amebadilisha bajeti.

Kwa haki, lawama zote si za programu. PDF, iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, ilibuniwa ili kuhifadhi sura ya ukurasa: huandika kwamba herufi fulani ikae mahali fulani, bila kulazimika kueleza kwamba herufi hizo ni za aya moja au kwamba nambari zile ni za safu moja. Programu ya kugeuza hukisia hayo kwa kupima nafasi zilizo wazi, ndiyo maana sentensi moja huvunjika ikawa visanduku vitatu vya maandishi, na ukivuta kimoja vingine hubaki nyuma. Hati iliyopigwa muhuri kisha ikapitishwa kwenye skana ni balaa zaidi, kwa kuwa kilichomo ni picha tupu, na programu ya kutambua maandishi huweza kusoma 3 ikaandika 8 bila kukuonya.

Hata nambari zikitoka salama, ukurasa wa A4 uliosimama hujaza takriban sehemu mbili kwa tano tu za upana wa slaidi ya siku hizi, na herufi za ukubwa wa 12 hushuka chini ya 8. Aliyeketi nyuma haoni kitu.

Siku hizi sigeuzi hati nzima. Huchagua kurasa chache, michoro nikaikata kama picha, na majedwali nikayaandika upya huku nikilinganisha kila safu na karatasi, kazi ambayo macho yangu hayaifurahii.

Ombi langu ni kwamba PDF ibaki kuwa nakala rasmi, kwa maana si vyema bajeti iwe rahisi kuchezewa, lakini faili la hesabu (kama lile la Excel) ambamo majedwali hayo yalitoka liwekwe kando yake katika tovuti ya kaunti. Wahasibu wanalo tayari, na kulipandisha hakutawachukua muda mrefu, ilhali mimi jedwali la zahanati pekee lilinila jioni mbili.

Mwalimu mstaafu,
Ahero, Kaunti ya Kisumu