Jumamosi saa nne kwa geti, mambo ya bajeti

Majirani habari za jioni, samahani ujumbe ni mrefu kidogo lakini someni kabla hamjaanza kutuma zile video za asubuhi njema. Jumamosi saa nne tunakutana pale kwa geti kubwa tuandike maoni yetu ya bajeti ya kaunti. Najua wengine watasema hiyo ni kazi ya MCA (mwakilishi wetu wa wadi), na ni kweli bunge la kaunti ndilo linapitisha, lakini Katiba ya 2010 kifungu cha 196 inasema wananchi washirikishwe, sasa tukinyamaza halafu mwezi wa saba tuanze kulilia taa za barabarani hapo tutamlaumu nani jameni. Makadirio yanafaa kufika bungeni kufikia Aprili 30 na mwaka wa pesa unaanza Julai 1. Nairobi iko na wadi 85, zote zinang'ang'ania mfuko mmoja, na karatasi yenye sahihi za watu wengi iko na uzito kuliko mtu mmoja kupiga kelele kwa grupu saa sita usiku (mnajijua).

Halafu tusichanganye, taka, taa, chekechea na zahanati ni za kaunti. Polisi na chifu ni serikali kuu, hiyo siku ingine.

Mama wa bloki C, ile picha ya mtaro uliozibika ilikuwa giza tupu, tuma ingine ya mchana. Viti viko, kila mtu abebe kalamu yake. Chai sijaahidi.