UDOM ifuge samaki wa utafiti

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie utafiti wa magonjwa ya kurithi ya umetaboli, ambapo mtoto huzaliwa na hitilafu ya jeni, mwili ukakosa kimeng'enya cha kuchakata chakula au kuondoa sumu. Wengi wakisikia kwamba magonjwa haya huchunguzwa kwa samaki mdogo aitwaye pundamilia, hucheka. Wasicheke. Mpangilio wa jeni zake ulipochapishwa mwaka 2013, ilibainika kuwa takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina mwenzake kwa samaki huyu. Jike hutaga mayai mengi kwa mkupuo mmoja, na kiinitete hukua nje ya mwili wake, kikiwa angavu kama kioo: siku ya pili tu, chini ya hadubini, unaona moyo ukidunda na damu ikipita. Panya hakupi nafasi hiyo.

Nashauri Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kitenge chumba kimoja cha matangi, wanafunzi wa biolojia na wa udaktari wafanye kazi pamoja. Waanze na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ulio wa kawaida katika nchi zenye malaria kama yetu, ambao huweza kumfanya mgonjwa anayepewa primakwini, dawa ya malaria, aharibikiwe chembe nyekundu za damu. Bila shaka samaki si mtu. Majibu yake yathibitishwe kwa njia nyingine kabla ya kumfikia mgonjwa. Maji yetu ya visima vya Mzakwe, kwa chumvi ile, itabidi yachujwe kwanza, lakini hiyo ni kazi ya fundi.

Msomaji wako,
Dodoma