Gorofa za umma zitengewe fedha za matengenezo kabla ya ufunguo kukabidhiwa

Ndugu Mhariri,

Kila zinapotajwa nyumba mpya za wananchi hapa Unguja na Pemba, tunaulizana idadi tu: gorofa ngapi, vyumba vingapi. Nani atalipia bomba na nondo mwaka wa 20 tangu zijengwe, hilo haliulizwi.

Majumba ya Maendeleo ya Kikwajuni, Kilimani na Michenzani yalitokana na enzi ya Mzee Karume na msaada wa Ujerumani Mashariki. Yalikuwa makusudio makubwa, na heshima yake ibaki. Lakini tazama kinachoyala. Maji yasipopanda gorofa za juu, kila mtu hujitafutia njia: pampu yake, bomba lake lililotobolewa ukutani, tangi lake la lita 1,000 kwenye roshani. Tangi hilo likijaa ni tani nzima, na roshani haikupigiwa hesabu hiyo. Bomba likivuja, unyevu huingia kwenye zege pamoja na chumvi ya bahari, nondo hushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo hulipasua zege kutoka ndani.

Kupima si kazi ngumu. Gonga kwa nyundo: zege zima hulia kavu, lililoachana na nondo hulia kama chungu kitupu. Hapo fundi asipige lipu juu ya kutu, ingawa ndivyo inavyofanywa mara nyingi kwa kuwa ni rahisi na huonekana safi siku ya kukagua. Achimbe mpaka sentimita 2 nyuma ya nondo, asugue kwa brashi ya waya chuma king'are, nondo iliyoliwa sana aifungie nyengine, ndipo arudishie zege. Mchanga na maji visiwe vya chumvi. Kwa majengo mapya ya karibu na bahari, zege la kufunika nondo lifike sentimita 5.

Fedha ndizo zenye funzo kubwa zaidi. Vienna, mji mkuu wa Austria, kuanzia 1923, ilitoza kodi maalumu ya nyumba, mwenye jumba la fahari akilipa zaidi, ikajenga nyumba zipatazo 60,000 kufikia 1934. Ujenzi ulilipwa na kodi hiyo, na pango dogo la wakaazi likabaki kwa uendeshaji na matengenezo. St. Louis, Marekani, majumba 33 ya gorofa 11 ya Pruitt-Igoe yalifunguliwa 1954 kwa fedha za serikali kuu, lakini matunzo yakategemea pango la wakaazi masikini. Watu walipopungua, pango likapungua, lifti na mabomba yakaharibika, wengine nao wakahama. Kuanzia 1972 yakabomolewa.

Tunaiomba serikali, kabla ya jiwe la msingi lijalo, itangaze mchango wa kila mwezi kwa kila nyumba, ruzuku kwa asiyeweza, na akaunti ya kila jumba ambayo wakaazi wenyewe wataiona hesabu yake.

Mafundi wajenzi,
Ng'ambo, Unguja