Barua kwa Chebet: usikae nyuma umenyamaza

Chebet mama,

Naandika kwa simu ya mamako, yangu imeisha chaji. Yule mwalimu wa programu alinipigia jana jioni, akasema unaamka mapema na kazi unamaliza, lakini siku sita sasa hujauliza swali hata moja. Ati hata kompyuta ilikataa kuwaka ukakaa ukiiangalia mpaka kipindi kikaisha. Kwa nini? Hiyo kambi ya kuwatayarisha imewekwa ndio mkosee huko sasa, kabla ya chuo chenyewe kuanza, huko lekcha hatajua hata jina lako.

Ile C+ ya mtihani wa Form Four naijua umeitoa wapi, na ndiyo mlango wa digrii. Nimeambia kila mtu hapa, hata wale sisalimiani nao. Lakini kufika chuo halafu unajibanza nyuma kama mgeni wa matanga, hapo umeniudhi, wacha niseme.

Kama ni yule msichana aliyekuita Dorobo, hilo jina tulibandikwa na watu walioona hatuna ng'ombe. Mwambie wewe ni Ogiek wa msitu wa Mau, basi, urudi kwa swali lako. Kesi yetu na serikali juu ya ardhi ya huo msitu ilianza 2009, ile mahakama ya Afrika ya haki za watu iliyoko Arusha ikatuamulia 2017, fidia ikaandikwa 2022, na miaka yote hiyo kuna watu wetu walikuwa wanauliza, wanazungushwa, wanauliza tena. Katiba nayo, kifungu cha 56, inasema jamii kama yetu ziwekewe nafasi maalum za masomo, lakini hiyo karatasi haiwezi kuja kukutafuta wewe huko hosteli.

Na maneno ya pesa sikia vizuri. Siku hizi kuitwa na KUCCPS, ile ofisi ya serikali inayowapangia vyuo, peke yake hakuleti pesa, mkopo na skolashipu unaomba mwenyewe kwa mtandao, hakuna mtu wa kukuombea. Pahali hujaelewa uliza hao wanafunzi wakubwa, ndio kazi imewaleta hapo. Wakitaka mapato ya wazazi andika vile ilivyo, usituonee aibu.

Najua utasema ni mimi nilikufunza kunyamaza. Ukiwa mdogo ukiuliza sana nilikuwa nakufukuza uende nje. Hata ile term ya Form Two ulikaa nyumbani hukuniuliza, na mimi sikusema. Pesa ilikuwepo kidogo. Niliweka kwa mizinga nikijua asali itatoka kabla shule zifunguliwe, mvua ikaharibu maua. Ungeuliza ningekueleza, ama pengine ningekufokea tu, sijui.

Mbuzi yako imezaa wawili, mmoja ana doa jeupe kwa sikio, mamako anasema usimpe jina kwa simu ungoje umwone. Ule mzinga wa mti wa mutarakwa tuliupandisha na wewe umeingia nyuki, asubuhi nimeweka sikio nikasikia wamejaa. Kakako analalia kitanda chako, nimemkataza na hasikii. Kitambulisho chako ulikisahau kwa kabati, nitakipatia dereva wa matatu ya kwanza kesho, na utakihitaji kwa ile fomu, kwa hivyo uwe steji mapema.

Kesho kwa kompyuta uliza swali moja, hata kama ni kuuliza inawashiwa wapi. Halafu nipigie saa mbili usiku uniambie umeuliza nini.

Babako