Jina la binti wa mbege liko wapi?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi maabara hapa Moshi, huu mwaka wa kumi na saba. Kila mwaka naona ripoti za utafiti za wanafunzi wa shahada ya kwanza zikijaladiwa, zikigongwa muhuri na kutupwa kabatini. Msomaji wao wa mwisho huwa panya.

Mwaka juzi binti mmoja alitenga bakteria kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, ya bibi yake, Kibosho. Sampuli ilipelekwa nje kusomwa vinasaba. Faili liliporudi, alikesha nalo wiki sita kwenye kompyuta ya kuazima. Programu ilishakisia kila jeni, yaani kipande cha vinasaba chenye maelekezo ya kutengeneza protini, inaanzia wapi, yeye akawa anahakiki moja moja. Siku moja alinivuta nione jeni ambayo programu iliianzisha kwenye ATG, herufi tatu za vinasaba ambazo jeni huanzia kwa kawaida. Hatua chache nyuma palikuwa na GTG, ambayo jeni za bakteria pia huweza kuanzia, tena ikitanguliwa na pale inaposhikia ribosomu, mtambo wa seli unaotengeneza protini. “Mzee, mashine imechemsha,” akasema. Kweli ilikuwa imechemsha. Makala ya utafiti huo ilipotoka, jina lake halikuwemo, hata kwenye shukrani.

Nikiuliza, naambiwa vijana hawa hawajakomaa. Lakini mwaka 2010 huko Durban mwanafunzi ndiye aliyepata, kwenye biringanya iliyooza, fagi aliyeitwa Muddy. Fagi ni kirusi kinachoshambulia bakteria. Mwaka 2018 madaktari wa London walimtumia Muddy pamoja na fagi wengine wawili kumtibu binti wa miaka 15 ambaye antibayotiki zilikuwa zimemshindwa, na akapata nafuu. Nchini Marekani, mpango wa SEA-PHAGES unawapeleka wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchota udongo, kutafuta fagi na kuchambua jenomu za fagi hao, yaani vinasaba vyao vyote, tangu 2008, na majina ya wanafunzi yanaingia kwenye machapisho. Udongo wa vihamba vyetu una upungufu gani?

Fedha ni kikwazo, sikatai. Ila jenomu ya Muddy ni herufi kama elfu 48 tu, wakati ya E. coli, bakteria wa utumbo, ni kama milioni 4.6; ya kwanza wanafunzi wawili wanaimudu kwa muhula mmoja. Kila mmoja aichambue kivyake, kisha walinganishe na wabishane. Hata asiye na sampuli anaweza kuanzia GenBank, hazina ya vinasaba mtandaoni, ambako jenomu zimewekwa wazi kwa yeyote mwenye bando. Kinachokosekana ni saa mbili za msimamizi kwa wiki.

Ila chonde, pasiwepo sharti la kuchapisha ndipo mtu ahitimu. Tutawatajirisha matapeli wenye majarida ya kulipia, na kunakiliana kutazidi. Aliyefanya kazi aandikwe, inatosha.

Yule binti sasa anauza dawa za mifugo. Daftari lake ninalo kwenye droo, lina jeni kumi na moja alizozisahihisha kwa kalamu nyekundu. Msimamizi wake akisoma barua hii, aje tulifungue pamoja, na ampigie simu mwenyewe.

Fundi maabara,
Moshi